Ujongezo wa Mistari katika Faili za XML

Karani wa chama cha msingi anayetumia skripti, yaani programu fupi, kutoa orodha ya wanachama na kilo walizopima, huweza kutakiwa aipeleke katika muundo wa XML, ambamo kila habari hufungwa kati ya alama mbili, ya kufungua na ya kufunga. Faili hiyo yaweza kuwa mstari mmoja mrefu, au kila habari ikawa na mstari wake, ukisogezwa ndani kulingana na daraja lake. Huo ndio ujongezo. Humfaa mtu asomaye kwa macho, kompyuta haiuhitaji.

Hata hivyo yafaa ifahamike kwamba nafasi hizo si pambo tupu. Kwa mujibu wa kanuni za XML zilizotolewa mwaka 1998, kisomaji cha faili hupaswa kuikabidhi programu kila herufi isiyokuwa sehemu ya alama, nafasi zikiwamo. Skripti ikivunja mstari kati ya alama ya kufungua na jina la mwanachama, jina hupokelewa likiwa na nafasi mbele yake. Programu inayolilinganisha na daftari la malipo yaweza kumwona mkulima huyo kuwa mgeni. Kilo zake zimo, mizani haikukosea, lakini malipo hukwama.

Kwa wanaotumia Python, njia nyepesi imo katika maktaba ya ElementTree, nayo ni amri ya indent, iliyoongezwa katika toleo la 3.9 mwaka 2020. Huitwa kabla ya kuandika faili, na hutumia nafasi mbili kwa kila daraja isipoelekezwa vinginevyo. Jina lililo peke yake baina ya alama zake huachwa kama lilivyo. Amri ya zamani, toprettyxml ya minidom, hutumia tabo. Ikipewa faili iliyokwisha kujongezwa huingiza mistari mitupu, na kila ikirudiwa mistari hiyo huzidi. Hapo ndipo orodha fupi huvimba bila kuongezeka mwanachama hata mmoja.

Kwa faili inayotiwa saini ya kielektroniki, ujongezo hutangulia saini. Faili ikijongezwa upya baadaye, uhakiki wa saini iliyofunika faili nzima hushindwa ijapokuwa hakuna tarakimu iliyoguswa, kwa sababu nafasi zilizo kati ya alama zilihesabiwa pia wakati wa kutia saini.