Kutoumwa si kupona

Mkulima wa Kangema hupanda na kushuka vilima, kikapu cha majani chai mgongoni, bila kuhisi maumivu yoyote. Siku anapoambiwa zahanatini kwamba ana shinikizo la damu, hushangaa. Humeza tembe kwa mwezi mmoja, akajiona mzima, kisha akaziacha. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Kuta za mishipa midogo ya ateri zina misuli. Kila seli ya misuli hiyo imefunikwa kwa utando mwembamba mno wenye vijilango. Kalsiamu ikiingia kupitia vijilango hivyo, misuli hujikaza na mshipa ukawa mwembamba. Ikitolewa, misuli hulegea. Mishipa ikidumu kukazwa, moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Haya yote hutendeka kimya kimya, hadi siku ambapo kiharusi humwangusha mtu.

Dawa kama amlodipini huziba baadhi ya vijilango hivyo, kalsiamu ikapungua na mshipa ukalegea. Lakini haiondoi chanzo cha maradhi. Ikiachwa, vijilango hufunguka kama awali. Kwa hiyo, yule anayejiona mzima ni mzima kwa sababu ya tembe ile ile anayotaka kuitupa.

Utando huo hupitisha pia sodiamu, iliyomo katika chumvi, pamoja na potasiamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliohama mashambani magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Katika muda wa miezi michache tu, shinikizo lao lilikuwa limewapita wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulibaini kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima nchini walikuwa hawajawahi kupimwa shinikizo. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi haya hujificha yenyewe, hata mwenyewe asiyajue.

Ndiposa nasema: mhudumu anayemwambia mgonjwa ameze dawa bila kumweleza sababu amempa nusu ya tiba. Naye mgonjwa asiache dawa kabla ya kuzungumza na daktari. Mwili usiolalamika si ushahidi wa afya. Ushahidi ni kipimo.