Mtoto anayejinyonyoa nywele si mtundu, wala hakurogwa

KITAMBAA cha kichwa ni vazi la kawaida hapa Ekerenyo, kaunti ya Nyamira. Mama hukifunga akienda kuchuma majani chai, akienda sokoni na hata kanisani. Lakini kitambaa kinaweza pia kuficha siri: kiraka kisicho na nywele utosini, ambacho hakikuletwa na mapunye wala dawa ya saluni, bali na vidole vya mwenyewe.

Kujinyonyoa nywele ni maradhi, na yamejulikana kwa muda mrefu. Daktari wa ngozi wa Ufaransa, François Henri Hallopeau, aliyapa jina la trikotilomania mnamo 1889. Ndugu yake ni maradhi ya kujichokonoa ngozi, ambapo mtu hubandua gamba la kidonda, hukamua chunusi au kujidonoa kando ya kucha hadi damu itoke. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyoanza kutumika 2022, yote mawili yamewekwa katika kundi moja.

Uchunguzi uliofanywa ng'ambo, hasa Marekani, unaonyesha kwamba kati ya kila watu 100, mmoja au wawili hujinyonyoa nywele. Mara nyingi huanza mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 10 na 13. Wengine hung'oa nyusi na kope pia.

Huanza vipi?

Mgonjwa huhisi hamu inayopanda kama mwasho. Akishang'oa unywele, hupata nafuu kidogo, kisha aibu humjia. Wakati mwingine mkono hufanya kazi hiyo wenyewe, mtoto akisoma au akisikiliza redio, naye hatambui mpaka aone nywele kwenye daftari. Wasiwasi, uchovu na upweke huzidisha hali hiyo, lakini hata mtoto mwenye raha anaweza kuugua.

Msomaji, usikimbilie kusema kila kiraka ni maradhi haya. Mapunye, ambayo wengi huyaita mashilingi, huwa na magamba na huambukiza. Kuna pia ugonjwa unaoacha kiraka laini kabisa. Kwa anayejinyonyoa, kiraka huwa na nywele zilizokatika, ndefu na fupi pamoja. Daktari ndiye wa kutofautisha.

Hofu ya uchawi

Kwa wengi katika Kisii na Nyamira, nywele si kitu cha kutupwa ovyo, kwa kuwa huhofiwa kuwa mchawi ataziokota. Basi mzazi akikuta nywele za bintiye chini ya mto, ni rahisi amfikirie jirani. Hofu ya namna hiyo si mchezo. Mnamo Mei 2008, watu wasiopungua 11 walioshukiwa kuwa wachawi walichomwa hadi kufa huko Kisii. Afadhali kumpeleka mtoto kwa daktari kuliko kumtafuta wa kulaumiwa.

Fimbo nayo haisaidii. Mtoto anayechapwa hujifunza kujificha tu. Hunyonyoa akiwa chooni au kitandani gizani, na kwa kuwa shule nyingi hutaka nywele fupi, huenda mwaka ukapita bila mtu kumgundua.

Matibabu yapo

Mnamo 1973, wataalamu wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, walieleza njia ya kubadili mazoea ambayo hadi leo ndiyo inayotegemewa zaidi. Kwanza, mgonjwa huandika ni saa ngapi na mahali gani mkono hupanda kichwani. Pili, hamu ikija, huupa mkono kazi nyingine: hukunja ngumi kwa dakika moja au zaidi, hadi hamu ipungue. Kuchambua maharagwe, kusuka kikapu au kushika kipande laini cha jiwe la sabuni kutoka Tabaka kunaweza kusaidia. Tatu, humchagua mtu mmoja wa kumtia moyo bila kumkemea.

Anayejichokonoa ngozi akate kucha ziwe fupi, na kidonda akifunike kwa bandeji safi. Dawa za hospitali hutolewa kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye huzuni au wasiwasi mwingi, lakini hakuna kidonge kimoja kinachomponya kila mtu.

Kwa wakazi wa hapa, mahali pa kuanzia ni hospitali ya Ekerenyo. Kesi ngumu zinaweza kupelekwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Usichelewe ikiwa mtoto humeza nywele, kwani hujikusanya tumboni na kuwa donge linaloweza kuziba matumbo. Dalili zake ni maumivu ya tumbo, kutapika na kukosa hamu ya kula. Kidonda chenye usaha au homa pia hakingoji.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Nywele zinaweza kuota, kisha wiki ya mitihani zikang'olewa tena. Hilo si kushindwa. Ni kuanza upya. Mzazi, siku hiyo usimwambie mwanao "Acha!" Keti karibu naye, mpe maharagwe mchambue pamoja, umuulize, "Leo mkono umekusumbua?"