Bahati Hamisi wa Nani?

"Bahati Hamisi!" Muuguzi aliita dirishani, na kwenye benchi tukainuka watatu: mimi, mwanafunzi wa kike aliyevaa sare, na mzee mvuvi aliyeshika kofia yake mkononi. Wote Bahati, wote watoto wa Hamisi. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, nikapewa bahasha ya dawa. Nyumbani mama akaitazama, akashtuka. "Mwanangu, mbona hizi za presha, kama zangu? Umeanza lini?" Nikarudi mbio. Yule mzee alikuwa bado pale, anasubiri kuitwa.

Huku kwetu Kilwa wengi hatuna jina la ukoo. Mtu ana jina lake, la baba na la babu, na mjukuu hurithishwa la babu, kwa hiyo majina ni yaleyale yanazunguka. Aliyezaliwa Alhamisi akiwa mwanamume huitwa Hamisi, akiwa mwanamke Mwanahamisi. Hapo hakuna utata. Lakini Bahati, Riziki, Tabu na Shida hupewa yeyote, kwa hali iliyokuwepo alipozaliwa. Na ukisema "Bahati amefika", hujasema kama ni bwana au bibi.

Utata huu wa majina yanayozunguka ni wa zamani. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Baadhi ya sarafu za shaba za Kilwa zina jina la al-Hasan bin Sulaiman, na nyingine zina Sulaiman bin al-Hasan. Zipo pia za Ali bin al-Hasan, jina lililobebwa na zaidi ya mtawala mmoja. Sarafu hazikuandikwa mwaka, na wataalamu wamebishana muda mrefu kuhusu Ali yupi aliyezitoa. Ikiwa masultani wanapotea hivyo, sembuse mimi na bahasha yangu?

Lakini hata sarafu zile zina "bin". Wazee wetu walisema bin na binti, na maneno hayo yalifanya kazi. Siku hizi tunayaacha, kana kwamba ni ya kizamani. "Bahati binti Hamisi" lingemtenga yule mzee palepale na sisi wanawake wawili. Jina la babu lingenitenga mimi na yule mwanafunzi.

Ndugu yangu, unapomwandikisha mtoto, toa majina yote matatu, na bin au binti yake. Nawe unayegawa dawa, tafadhali, uliza umri na jina la babu kabla hujakabidhi bahasha.