Vikombe Vikuukuu Vioteshe Mimea, Visizalishe Mbu

Katika kabati za nyumba nyingi vimo vikombe vya kaure vilivyorithiwa kwa mabibi: vingine vimevunjika mkono, vingine vimeingia ufa, wala havifai tena kunywea chai. Kaure haiozi. Kikombe kitupwacho nyuma ya nyumba hudumu hapo miaka mingi, na kila mvua inyeshapo hukinga maji. Maji hayo machache yanamtosha mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengue, kutaga mayai yake. Homa hiyo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Badala ya kuvitupa, wakazi wanaweza kuvigeuza vyungu vya mimea midogo ya ndani kwa hatua hizi:

1. Toboa tundu kitakoni kwa ncha ya kutobolea vigae. Bandika utepe wa karatasi mahali pa kutoboa, endesha drili polepole na kuilowesha ncha mara kwa mara, kaure isipate moto ikapasuka. Fundi wa vigae aweza kukusaidia.

2. Changanya udongo na mchanga kwa kiasi sawa.

3. Panda chipukizi la mshubiri, kwa kuwa mmea huo huhifadhi maji majanini. Uweke karibu na dirisha lenye mwanga.

4. Mwagilia vijiko viwili vya chakula, na iwe pale tu udongo unapokuwa umekauka.

Wapo wanaotia kokoto katika kikombe kisicho na tundu. Kokoto hazitoi maji. Huyaficha chini, mizizi ikaoza.

Kisahani cha chini ndicho cha kuangaliwa zaidi. Mwaga maji yake kila umwagiliapo, na ukisugue kwa brashi kila wiki. Kumwaga pekee hakutoshi, kwani mayai ya Aedes hunata ukingoni mwa chombo, hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa, kisha huanguliwa yapatapo maji.

Aidha, rangi na nakshi za baadhi ya vikombe vya kale zina madini ya risasi. Kikombe kilichooteshewa mmea kisirudishwe mezani.

Kilichovunjika kabisa kifungwe katika karatasi nene kabla ya kutiwa kwenye pipa la taka, ili vipande visiwakate wazoa taka wanaotuhudumia.