Leseni Mpya, Mguu Unatetemeka

Barabara inayopanda kilima cha Bugando, Mwanza, humpima dereva mpya kuliko uwanja wowote wa mtihani. Gari la gia limesimama nyuma ya lori, pua ikiangalia juu. Nyuma yake daladala imesogea mpaka sura ya konda inaonekana kwenye kioo cha ndani. Lori linaondoka. Dereva, ambaye leseni yake haijatimiza mwezi, anaachia klachi taratibu na kuongeza mafuta, na hapo hapo mguu wa kushoto unaanza kucheza wenyewe. Gari linaruka mara moja, linazima. Honi zinaanza.

Wapita njia watasema ni woga, na dereva akiwa mwanamke watasema mabaya zaidi. Wanamwonea. Kilichotokea kwenye mguu ule ni kazi ya kawaida ya mwili, na kinaweza kumpata hata askari au daktari wa upasuaji akipewa kazi asiyoizoea mbele ya watu wanaomngojea.

Ubongo ukihisi hatari, hutuma ishara kwa njia ya neva hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unaenda mbio, viganja vinalowa jasho, ini linatoa sukari ya akiba. Hayo wengi tunayajua. Lisilojulikana sana ni kwamba adrenalini inagusa pia misuli ya mikono na miguu. Kila mtu ana mtetemo mdogo wa misuli muda wote, mdogo kiasi kwamba hauonekani, na adrenalini huukuza. Wanaotumia dawa ya pumu ya kuvuta, salbutamol, wanaufahamu vizuri: baada ya kuivuta mikono hutetemeka, kwa sababu dawa hiyo inapita kwenye milango ileile ya misuli inayofunguliwa na adrenalini. Mtu anayekimbia au anayebeba gunia hatausikia mtetemo huo. Lakini klachi kwenye mlima inataka mguu utulie katikati, kwenye eneo dogo sana ambapo sahani ya klachi inaanza kuushika mwendo wa injini. Mwili umejiandaa kukimbia, na kazi iliyopo ni ya kushikilia kitu kwa upole. Kila honi inayopigwa nyuma inaongeza adrenalini kwenye mguu uleule, na kumchelewesha huyohuyo anayepiga honi.

Mguu, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya habari yenyewe. Kazi kubwa iko kichwani.

Mwaka 1967 wanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts na Michael Posner, walieleza kwamba ujuzi wa mikono hupita hatua tatu. Mwanzoni kila tendo linapitia kwenye fikra: kanyaga klachi, toa gia, angalia kioo, washa indiketa. Baadaye matendo yanaanza kuungana. Mwishoni yanajiendesha, na fikra inabaki huru kwa mambo mengine. Shida ya dereva mpya ni kwamba sehemu ya akili inayoshikilia mambo ya sasa hivi ni finyu mno. Nelson Cowan, aliyeichunguza kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2001 kwamba mtu mzima huweza kushikilia hapo mambo kama manne tu kwa wakati mmoja. Klachi, gia, usukani na kioo vimeshachukua yote manne. Ikiingia bajaji kutoka kushoto, kuna kitu lazima kidondoke, na mara nyingi kinachodondoka ni kioo.

Hofu nayo inadai nafasi humohumo. Mwaka 1908 watafiti Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kuchagua njia sahihi kati ya mbili, na kila panya aliyekosea alipigwa shoti ya umeme. Kazi ilipokuwa rahisi, shoti kali iliwafanya wajifunze haraka. Ilipokuwa ngumu, shoti kali iliwavuruga, na waliofanya vizuri ni wale waliopigwa shoti ya wastani. Binadamu si panya, na tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba mambo yana tabaka zaidi ya hapo. Hata hivyo hoja yao ya msingi inatusaidia kuelewa jambo ambalo madereva wengi wanalikumbuka: msisimko uleule uliomzimishia gari mlimani mwezi wa kwanza hautamzimishia mwezi wa sita, hata kama moyo bado unadunda, kwa kuwa kazi ya klachi imeshakuwa nyepesi.

Sasa tuje kwenye macho, ambako naona ndiko kiini kilipo, na ambako vyuo vingi vya udereva vinapita haraka mno.

Mwaka 1972 watafiti wa Marekani, Ronald Mourant na Thomas Rockwell, walichapisha utafiti uliorekodi mienendo ya macho ya madereva wapya na wazoefu wakiwa barabarani. Wapya walitazama karibu na gari, wakakodolea sehemu ndogo ya barabara, na vioo hawakuviangalia sana. Wazoefu walitazama mbali na kwa upana. Tafiti za David Crundall na Geoffrey Underwood wa Nottingham, Uingereza, mwaka 1998, ziliongeza jambo moja: mzoefu hubadilisha namna ya kutazama kulingana na barabara, akiingia penye msongamano macho yanazunguka zaidi, lakini mpya hutazama vilevile kila mahali.

Hesabu yake si ngumu. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi Tanzania, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Anayetazama mita 20 mbele ya boneti anaiona barabara yake sekunde moja na nusu tu kabla ya kuifikia. Na jambo likimshtua dereva, muda wa kuona, kuamua na kufikisha mguu kwenye breki nao ni kama sekunde moja hadi moja na nusu. Kwa hiyo anayetazama karibu hana akiba yoyote. Kila kitu kwake kinatokea ghafla: tuta ghafla, mtoto ghafla, daladala kusimama ghafla. Hofu yake haidanganyi hata kidogo. Kwa jinsi anavyotazama, barabara kweli imejaa mambo ya kushtukiza.

Niliwahi kukaa kiti cha mbele mpwa wangu akiendesha siku zake za mwanzo. Tulikuwa tunakaribia kipilefti, naye ameshika usukani kwa nguvu mpaka vifundo vya vidole vimekakamaa, shingo haigeuki, macho yameganda kwenye mstari mweupe hatua chache mbele ya gari. Bodaboda ikatupita kushoto, imebeba kreti za soda.

“Mjomba, hii imetoka wapi?”

Ilikuwa kwenye kioo cha pembeni tangu tulipopita kituo cha mafuta. Nikamwuliza kwa nini anautazama ule mstari. Akasema, “Naogopa nikiinua macho gari litaacha njia.”

Jibu lake lina akili, na ndilo hasa watafiti walilokuja kulieleza. Heikki Summala na wenzake wa Ufini walionyesha mwaka 1996 kwamba mzoefu hushika njia yake kwa pembe ya jicho, bila kuitazama moja kwa moja, na kwamba uwezo huo unakuja kwa mazoezi. Mpya bado hana. Analazimika kuutazama mstari ili abaki ndani yake. Kwa hiyo kumfokea “Angalia mbali!” ni kumwambia jambo sahihi ambalo jicho lake bado haliwezi kulifanya kwa muda mrefu. Linalosaidia ni kumtafutia barabara pana, tupu, jioni ya Jumapili au asubuhi ya sikukuu, ambapo anaweza kuinua macho hadi kwenye nguzo ya umeme ya mbali na kujionea kwamba gari halijaacha njia.

Mikono na macho havikui kwa mwendo mmoja. Klachi, gia na usukani vinakaa vizuri ndani ya wiki au miezi michache. Uwezo wa kuinusa hatari kabla haijatokea, yaani kuona miguu ya mtu chini ya daladala iliyosimama na kujua kwamba anakaribia kuchomoza mbele yake, unaendelea kukua kwa miaka. Utafiti wa Daniel Mayhew na wenzake katika jimbo la Nova Scotia, Kanada, uliochapishwa mwaka 2003, uligundua kwamba ajali za madereva wapya hushuka kwa kasi katika miezi sita au saba ya kwanza, kwa karibu asilimia 40. Umri wa mtu haubadiliki sana kwa miezi sita. Kinachobadilika ni alichokiona barabarani.

Katikati ya mikono iliyokwisha kukomaa na macho ambayo bado machanga, hofu ina kazi. Wanorwei walijifunza hili kwa machungu. Mwaka 1979 walianzisha mafunzo ya ziada ya lazima kwa madereva wapya, yakiwemo mazoezi ya kuendesha kwenye barabara zinazoteleza. Nia ilikuwa njema. Mtafiti Alf Glad alipoyapima matokeo mwaka 1988, alikuta kwamba ajali za vijana wa kiume kwenye barabara za namna hiyo zimeongezeka. Walitoka darasani wakiamini kwamba utelezi wanauweza. Uswidi, Nils Petter Gregersen alilichunguza jambo hilo kwa karibu mwaka 1996. Kundi moja la madereva vijana alilifundisha ufundi wa kufunga breki na kukwepa. La pili alilionyesha, kwa vitendo, jinsi ufundi wao ulivyo mdogo. Baadaye, uwezo wao wa kweli haukutofautiana. Kilichotofautiana ni walivyojidhania: kundi la kwanza lilijiona hodari kuliko lilivyokuwa.

Ndiyo maana sipendi mwalimu anayemwambia mwanafunzi “ondoa woga” kana kwamba woga ni uchafu wa kufutwa. Woga ukizidi unafinya macho na kutetemesha mguu, hilo ni kweli, na unapaswa kupunguzwa. Ukiondolewa wote kabla macho hayajajifunza, unaacha pengo ambalo gari zima linaweza kutumbukia.

Kuupunguza kuna njia zinazoeleweka. Kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko kuivuta, hupunguza mapigo ya moyo kwa kupitia neva ya vagasi, na inawezekana kufanya hivyo kwenye taa nyekundu bila mtu yeyote kujua. Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojiambia wana hamu kabla ya kuimba au kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha watulie. Na mazoezi yagawanywe. Watafiti Alan Baddeley na D. J. A. Longman waliwafuatilia watumishi wa posta Uingereza waliokuwa wakijifunza kuchapa, wakakuta, mwaka 1978, kwamba waliofanya saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache kuliko waliofanya saa nne kwa siku. Cha ajabu, haohao wa saa moja ndio walioridhika na mpango wao kidogo kuliko wote. Kwetu mambo huenda kinyume kabisa: mtu anabanwa na mafunzo wiki kadhaa mfululizo, anapata leseni, kisha hana gari, na leseni inalala kwenye pochi hadi siku atakapoazimwa.

Kuyafundisha macho ni jambo linalotaka mdomo. Polisi wa Uingereza hufundishwa kuendesha huku wakitaja kwa sauti wanachokiona na wanachokitarajia. Mpwa wangu alianza kwa aibu, halafu akazoea: daladala mbele, mlango uko wazi, itasimama, mama na ndoo, hajatuona, mpira, nyuma yake kuna mtoto. Uingereza iliingiza mtihani wa kutambua hatari kwa video mwaka 2002, na ningefurahi kuona kila chuo cha udereva kutoka Kigoma hadi Mombasa kikitenga saa kadhaa kwa jambo hilo, hata kama ni kwa kusimama na wanafunzi ukingoni mwa barabara, wakitabiri nani atafanya nini. Hakuna gharama ya mafuta.

Aliyewahi kupata ajali, na hofu yake inakua badala ya kupungua, huyo anastahili kuonana na mwanasaikolojia. Hofu ya namna hiyo hutibika kwa kurudi barabarani hatua kwa hatua, na kumsukuma kwa nguvu huiongeza.

Wengine wanahitaji kupandishiwa ngazi polepole. New Zealand ilianza mwaka 1987 kumzuia dereva mpya kuendesha usiku sana au kubeba abiria bila mzoefu kando yake, na nchi nyingi zimeiga. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, lakini kila familia inaweza kujiwekea. Itazame safari ya Desemba kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi: gari limejaa ndugu na mizigo, watoto wanagombana nyuma, giza limeingia kabla ya Korogwe, malori yanakuja na taa kali, na usukani ameshika kijana aliyepata leseni Oktoba kwa sababu baba amechoka. Kila kinachombana dereva mpya kimekusanywa humo. Gari liondoke alfajiri, usukani ashike mzoefu, na kijana apewe kipande cha Same hadi Mwanga, mchana, baba akiwa macho kando yake.