Yai Lenye Kasoro Si Hukumu ya Ndoa

Huko Bweranyange, kwenye makao ya zamani ya watawala wa Karagwe, mkulima haimalizi kahawa ya maganda kwa kuitazama. Ganda humweleza jambo, lakini punje imo ndani. Tunaanza na mfano huo kwa kuwa wiki hii tunalizungumzia yai la mwanamke, ambalo katika familia nyingi hutajwa kwa kunong'ona, na aghalabu kwa kumlaumu mke.

Wanandoa wanaotibiwa kwa njia ya urutubishaji nje ya mwili, iliyompata mtoto wake wa kwanza nchini Uingereza mwaka 1978, huweza kuambiwa kuwa mayai si mazuri. Kauli hiyo yaweza kuvunja nyumba. Je, ina maana gani?

Yai lina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwanza, mtaalamu hutazama ukomavu wake kwa hadubini. Yai lililokomaa ni la mviringo, ute wake ni mwangavu, na limezungukwa na utando. Ndani ya utando huo, pembeni, hukaa chembe moja ndogo: ishara kwamba yai limekwisha kutoa nusu ya kromosomu zake na linasubiri mbegu ya mume. Yai lisilo na chembe hiyo bado ni changa.

Kisha hutazamwa kasoro: umbo lisilo duara, ute wenye chembechembe nzito, vishimo vyenye majimaji, au utando mnene kupita kiasi. Nyingi katika kasoro ndogo kama hizo hazizuii mimba. Lakini yai kubwa mno huwekwa kando, kwani kwa kawaida hubeba kromosomu maradufu.

Kwa upande mwingine, yai linalopendeza machoni laweza kuwa na hitilafu ya kromosomu isiyoonekana kwa hadubini ya kawaida. Hitilafu hizo huongezeka kwa umri, hasa baada ya miaka 35. Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai. Kupita kwa umri si uzembe wake, wala si uchawi wa jirani. Tena, katika karibu nusu ya visa vya kukosa mtoto, mume naye ana sehemu yake. Basi naye apimwe mapema.

Kwetu Waislamu suala hili lina uzito zaidi. Mwezi Oktoba 1986, mjini Amman, Baraza la Kimataifa la Fiqhi liliruhusu urutubishaji huo, inapohitajika na kwa tahadhari, baina ya mume na mke walio katika ndoa. Likakataza yai, mbegu au tumbo la mtu wa tatu. Kwa hiyo mwanandoa akishauriwa kutumia yai la mwanamke mwingine, asikubali wala asikate tamaa kabla ya kuuliza: mayai mangapi yalikomaa? Kasoro ni ipi, ndogo au kubwa? Ilijirudia?

Surat Ash-Shura inatukumbusha kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kutoa watoto na kuzuia. Anayeliamini hilo hamsimangi mkewe, wala mama mkwe hamwiti mkaza mwanawe tasa. Tutafute tiba kwa elimu, na tustahiane majumbani mwetu.