Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Kimepikwa Saa Ngapi

Mgeni anayeingia Dar es Salaam kutoka mkoani, awe amefuata mzigo Kariakoo au amemleta mgonjwa Muhimbili, hufikia chakula cha usiku akiwa hoi. Kutwa ameshindia soda na andazi. Ikigonga saa 2 usiku hana nguvu ya kuchagua. Anaingia popote penye taa na kiti kitupu. Matumbo mengi ya safari huharibikia hapo. Sisi tunaofanya kazi ya usalama wa chakula hatuanzi kwa kutazama kama sakafu imepigwa deki. Tunauliza kwanza chakula kile kimepikwa saa ngapi, na tangu hapo kimekaa wapi.

Sababu yake ni hii. Bakteria wengi wanaosumbua tumbo huzaliana upesi kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida kupita muda wa saa 2, na kile kinachomsubiri mlaji kiwekwe kwenye joto linalozidi nyuzi 60. Dar usiku wa Februari hewa yenyewe huzunguka nyuzi 25 na zaidi. Sufuria la wali lililoepuliwa saa 5 asubuhi kwa ajili ya watu wa mchana, likafunikwa na kuachwa juu ya meza, hadi usiku limekuwa shamba la bakteria. Wapo bakteria waitwao Bacillus cereus, ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa polepole mbegu hizo huamka na kuzaliana, na baadhi hutoa sumu ya kutapisha ambayo moto wa kupashia hauiondoi. Kwa hiyo mvuke unaofuka kwenye sahani yako si ushahidi wa kutosha, kwa sababu huenda chakula kimepashwa dakika 5 zilizopita baada ya kushinda hapo mchana kutwa. Kiporo cha nyumbani kilichopoozwa haraka na kulazwa kwenye friji ni habari nyingine kabisa.

Ndiyo maana kila sehemu ya jiji ina saa zake, na mgeni anapaswa kuzijua. Mama lishe wa Posta na maeneo ya maofisini huwapikia wafanyakazi chakula cha mchana. Saa 7 mchana ningekupeleka kwao bila wasiwasi wowote, kwa kuwa sufuria linaisha likiwa bado la moto. Saa 2 usiku, kwa yeyote ambaye bado ana kilichobaki, ningekuvusha. Usiku kuna watu wake, wale ambao kazi yao huanza baada ya Magharibi: wachoma kuku na mishkaki wa Kisutu na Upanga, kona ya Mtaa wa Libya na Barabara ya Morogoro inayojaa watu na moshi, vibanda vya chipsi vya Sinza na Kinondoni, wauza supu ya pweza wenye sufuria linalotokota palepale barabarani. Mwezi wa Ramadhani hali huwa nzuri zaidi, maana futari hupikwa alasiri na kumalizika jioni ileile. Ukiwa hujui pa kuanzia, muulize mlinzi wa gesti au dereva wa bodaboda yeye mwenyewe hula wapi usiku. Usimuulize hoteli nzuri iko wapi. Atakupeleka anakodhani unastahili.

Ukifika penye makaa, usikimbilie kukaa. Simama kidogo karibu na jiko utazame mikono ya mchomaji. Nyama mbichi na iliyoiva zinapogeuzwa kwa koleo moja, au kuku aliyeiva anaporudishwa kwenye beseni alilotoka akiwa mbichi, kazi yote ya moto imepotea. Kuku ana mtego mwingine: makaa makali humbabua nje kabla joto halijafika ndani. Nyama yake inatakiwa kufikia angalau nyuzi 70 hadi katikati, na kwa kuwa hakuna anayetembea na kipimajoto mfukoni, mpasue pajani karibu na mfupa. Maji yakitoka mekundu, mrudishe jikoni bila kuona haya. Chipsi mayai hunipa wasiwasi mdogo sana, kwani hukaangwa ukiwa umesimama pale. Wasiwasi wangu uko kwenye kachumbari iliyokatwa tangu jioni ikaachwa kwenye bakuli wazi, haikupita motoni na huyajui maji iliyooshewa. Siku za mwanzo za safari iache, ule ndimu na pilipili.

Samaki anataka maelezo zaidi, kwa sababu hapa Pwani ndiye ambaye wengi hutamani kumla. Jodari, nguru na vibua wakikaa bila barafu baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao, na ikishatengenezeka, si mafuta ya moto wala makaa yanayoiondoa. Mlaji huhisi uso unawaka, midomo inachonyota na kichwa kinagonga, wakati mwingine katika muda usiozidi saa 1. Wengi husema wana mzio wa samaki, wakaacha kumla maisha yao yote, kumbe kosa lilikuwa la barafu. Basi muulize muuzaji samaki kanunuliwa lini pale soko la samaki la Feri na amehifadhiwa vipi. Akijibu kwa kubabaika, mwombe changu au tasi, ambao hawamo katika kundi hilo.

Umbali nao uupime. Kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo saa 1 jioni kwa sababu ya mgahawa uliosifiwa kutakufikisha mezani na njaa inayopofusha. Kula karibu na unapolala, au subiri magari yapungue.

Nikiulizwa na mgeni usiku wake wa kwanza achague bufe ya hoteli saa 4 usiku au kuku wa makaani pembeni ya barabara, jibu langu ni kuku. Bufe ile imekuwa mezani tangu saa 1, vyombo vyake mara nyingi ni vya uvuguvugu, na miiko imepita mikononi mwa watu wengi. Kuku umemwona akiwekwa motoni, ukamngoja, ukampasua mwenyewe. Kama ni lazima ule bufe, wahi mlango unapofunguliwa, na chagua vyombo ambavyo mvuke wake unauona kabla hujainua kifuniko.